Gari la Mwisho la Kina Dreyling

Usiku wa jana niliota nimerudishwa kazini. Nina miaka sabini na mmoja na nimestaafu mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuna aliyegundua. Kazi yenyewe ilikuwa Ujerumani, lakini barua ilisema nisichelewe, kwa hiyo sikuchelewa.

Kwanza nijieleze, maana wako watu wakisikia ndoto ya mzee wanasingizia maharage ya jioni. Mimi ni fundi viti. Kwa miaka thelathini na minane nimeshona viti vya magari pale Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili. Malori ya mkonge, teksi, magari ya maharusi, na gari moja la kubeba maiti ambalo dereva wake alitaka kiti kizuri kwa sababu, alisema, yeye bado yu hai. Sikusomea kazi hiyo. Nilifungua kiti cha kwanza, nikaona kilivyofungwa, nikakifunga.

Na ninayo desturi. Kiti hakitoki karakanani kwangu kabla sijakikalia mimi mwenyewe. Jicho hudanganya, mkono nao hujipendelea, lakini makalio hayana sababu ya kusema uongo. Kwa hiyo nimekalia viti vya mji mzima kabla ya wenyewe, na kila mara nimeinuka. Gari langu mwenyewe sijawahi kuwa nalo.

Kina Dreyling, watengeneza magari walioniandikia barua, nawajua kwa kalenda. Mhandisi mmoja wa mashamba ya mkonge aliisahau ukutani kwangu mwaka 1994, na ukutani imebaki. Kila mwezi gari moja, viti viwili, pua ndefu, na mjusi mdogo wa bati mbele kabisa. Nilijifunza Kijerumani kwa maneno yaliyo chini ya picha, kwa hiyo naweza kusema "ngozi," "kwa mkono," "haraka lakini kwa upole," na "Oktoba."

Basi. Nafika getini.

Kiwanda kimejengwa kwa umbo la mjusi, mkia kwenye barabara, kichwa kwenye msitu, na chote kimeng'ang'ania ukuta. Ukuta ni wa chumba changu cha kulala. Nauona msumari wangu wa kutundikia kofia. Sishangai. Mtu aliyeitwa kazini hashangai siku ya kwanza.

Getini ameketi mwanamke anayefuma soksi, Mama Hedwig, bawabu. Ananisalimia kwa Kiswahili cha Ngamiani kabisa, ananiuliza wa nyumbani hawajambo, kisha ananiomba magoti.

Juu ya kichwa chake pameandikwa: HAPA KILA KITU KWA MKONO.

"Goti si mkono," anasema. "Yaache hapa."

Nilimweleza kwamba magoti yenyewe ni mabovu, wakati wa masika yananiuma, na la kulia hulia kama bawaba. Akasema ameshatunza mabaya kuliko hayo. Aliyafungua kama mtu anavyofungua vifungo vya koti, akayatundika kwenye duara la chuma lenye ndoano, linalozunguka. Kwa kuwa ni duara, aliyeingia wa mwisho hutundika jirani na aliyeingia wa kwanza. Jirani yangu yalikuwa magoti marefu, na la kushoto lilikuwa na kovu kama mwezi mchanga.

Hayo, Mama Hedwig alinieleza, ni ya Bwana Ottmar Dreyling, kaka mkubwa. Kovu alilipata ujanani, siku alipoanguka kutoka juu ya banda la baba yake. Kila gari likikamilika yeye huja getini, huvaa magoti yake, hukanyaga klachi mara tatu, kisha huyarudisha. Hakuna gari lililotoka pale bila goti lile la kushoto kuridhika.

Akanionya nisisahau ya kwangu nikiondoka. Nikaapa.

Ndani nilitembea kama bikari, mguu huku, mguu kule. Wote walitembea hivyo. Wengine walikuwa ukutani, wengine darini, maana kalenda ya kwanza iliahidi kwamba gari litashika barabara kama mjusi anavyoshika ukuta, na kwa kuwa kina Dreyling ni watu wa neno lao, walianza na wafanyakazi. Fundi rangi alikuwa anakunywa chai, kichwa chini miguu juu. Nikamuuliza mbona haimwagiki. Akasema haijaagizwa.

Ndugu wawili wakanipokea. Ottmar, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Na mdogo wake Gerwin, mwenye penseli kila sikio na nyingine mdomoni. Walinisimulia habari za kiwanda wakiwa wamesimama, wakipokezana, kwa haraka ambayo sikuielewa mpaka baadaye.

Walianza na mapaa. Wakati huo walikuwa hawana gari hata moja, walishona mapaa ya mvua kwa ajili ya magari ya wazi ya watu wengine. Ottmar alipanda juu ya banda la baba yake kupima paa la kwanza, na huko ndiko alikoanguka. Mapaa yao yalikuwa mazuri hata magari yaliyo chini yake yakaanza kuona haya. Ndipo Gerwin aliposema kwamba paa kama hili linastahili gari lake. Wakalitundika paa moja hewani, katikati ya ua, wakajenga gari kuanzia juu kwenda chini. Magurudumu yakaja mwisho, kama wageni wa heshima.

Rangi ya gari lile la kwanza haijakauka, mjusi akaja bila kualikwa, akapanda puani, akanata. Walijaribu kumwondoa kwa upole, kisha kwa koleo. Akawaambia waache upuuzi, yeye ni mkaguzi. Tangu hapo kila gari hulipitia kutoka mkia hadi pua, na anapoteleza, kazi hurudiwa.

Kwa mwaka mmoja walitoa magari machache kuliko harusi za mtaa wetu mwezi wa mfungo sita. Hawakuona haya kwa hilo. Gerwin alisema gari linalofanywa haraka hukua bila adabu.

Kisha Ottmar akafika penye shida. Kiwanda kilikuwa kinafungwa. Bwana Mhuri alikuwa njiani kutoka ofisini, naye atafika king'ora cha mchana kikilia. Chochote atakachokikanyaga kitakuwa makumbusho. Kamba nyekundu kukizunguka, kikaratasi mbele, hakitasogea tena.

"Limebaki moja," alisema Ottmar. "Halijawahi kukanyaga barabara. Mhuri akilifikia, halitaikanyaga kamwe."

Lilikuwa katikati ya sakafu, la kijani kama jani changa la mgomba. Kila kitu kipo isipokuwa kiti cha dereva, ambacho kilikuwa nusu. Fundi viti wao alipigwa mhuri Jumatatu, katika ziara ya majaribio. Alisimama palepale ndani ya kamba, sindano ya kupinda mkononi, mkono hewani. Kikaratasi kilisema: Fundi viti. Usiguse. Nikamwamkia, nikaichukua sindano. Kikaratasi kilimtaja yeye, hakikutaja sindano.

"Mzee," gari likasema, "umekuja kushona au kuniaga?"

"Kushona."

"Basi anza. Nimeagwa na watu wengi wiki hii."

Lakini haikuwa rahisi hivyo. Sheria ya kwanza ya nyumba ile ni kwamba kila kiti hukatwa kwa kipimo cha mwenye gari, na gari hili halikuwa na mwenyewe. Aliyeliagiza alikuwa ameacha kujibu barua. Bila mwenyewe hakuna kipimo, bila kipimo ngozi haifungwi, na ngozi isipofungwa gari si gari. Siku tatu ndugu wale walikuwa wakibishana. Gerwin alitaka kiti kikatwe kwa kipimo cha upepo. Ottmar alikataa, akasema upepo wameshaupima, hauna makalio.

Mimi niliwasikiliza kwa sikio moja. Mkono ulikuwa umeshapata kazi. Nikapanga sponji, nikaongeza sufi kidogo pembeni kama tufanyavyo kwetu, nikatandaza ngozi, nikaivuta. Halafu, kwa mazoea ya miaka thelathini na minane, nikageuka nikakaa.

Kiwanda kizima kikageuka kunitazama. Hata chai.

"Umekaa," alisema Ottmar.

"Nimekaa kupima. Kwetu fundi hukaa kwanza."

"Kwetu anayekaa kwanza ndiye mwenye gari."

Nikataka kuinuka, kwa adabu. Nikaeleza kwamba mimi ni fundi tu, mtu wa kukaa na kuinuka, na kwamba kama kila nilichokikalia kingekuwa changu, ningekuwa tajiri kuliko wenye mkonge.

"Ukiinuka, mzee," gari likasema kwa utulivu, "nakuuma."

Mjusi akashuka. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko kwenye kalenda, na alionekana hajalala tangu enzi za baba zao. Akakamata futi ya kitambaa kwa mdomo, akanizunguka.

"Kiuno, cha mstaafu," alisoma. "Nyonga ya kushoto imeshuka, ni ya mtu aliyekalia stuli maisha yake yote. Andika, Gerwin. Hongera, kijana."

Hakuna aliyeniita kijana tangu Nyerere yuko Ikulu. Nikaketi vizuri zaidi.

Nikaanza kushona nikiwa nimekikalia, kiti chini yangu, sindano ikipita kati ya mapaja. Msicheke, jaribuni kwanza. Na hapo ndipo mahali palipoanza kuchanganyika. Sindano inaingia Ujerumani, inatokea Ngamiani. Nikiivuta naona bati la karakana yangu, nikiirudisha naona theluji dirishani. Mishono arobaini na minne yote ilikuwa hivyo, mguu mmoja huku, mmoja kule.

Kwenye mshono wa kumi hivi, upande wa Ngamiani, akapita Chambuso mchomeleaji, jirani yangu, ambaye hata ndotoni hawezi kupita kimya.

"Leo unashona cha nani, Kibwana?"

"Changu."

Alicheka mpaka miwani ya kuchomelea ikamwangukia puani. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu nilipokaa. Akaenda zake akicheka, nami nikavuta uzi, nikawa Ujerumani tena.

King'ora kinalia.

Bwana Mhuri anaingia. Ana kimo cha mtu mzima, kichwa cha mbao kilichong'arishwa, tai ya kijivu, na mguu mmoja mpana wa mpira uliolowa wino wa zambarau. Anakuja kwa kuruka. Ni mpole mno. Anamuuliza kila mtu jina kabla ya kumkanyaga.

Anampiga fundi rangi. Anaipiga chai. Anaipiga saa ya ukutani, na kamba nyekundu inaizunguka ikiwa saa sita na dakika mbili. Nikamwambia kwamba sasa kwa haki muda umesimama, asubiri. Akanijibu kwamba muda wake anatembea nao.

Gerwin alikuwa ananieleza jambo kuhusu kioo cha pembeni, jambo muhimu, kwa sababu alikuwa ametoa penseli mdomoni. Mhuri akamfikia katikati ya sentensi. Kamba. Kikaratasi: Ndugu mdogo. Alikuwa anasema kitu.

Ottmar akatoa leso, akampangusa mdogo wake vumbi begani, ingawa vumbi lilikuwa halijapata nafasi ya kutua.

Nilikuwa nimebakiza mishono kumi na mmoja. Nikaendelea kushona. Nilijiambia kwamba malori ya mkonge sikuyakimbia, na hili sitalikimbia.

"Kisichokamilika ni changu," alisema Bwana Mhuri, akilitazama gari.

"Imebaki kumi na mmoja," nikasema.

"Kumi na mmoja ni kutokamilika."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniudhi. Akainua mguu.

Ottmar akaja kwa miguu yake ya bikari, akasimama kati yetu. "Utaratibu," alisema. "Mkubwa hutangulia. Mkubwa hapa ni mimi, na sijapigwa."

Bwana Mhuri akafikiri. Akaona ni sawa. Akateremsha mguu, akatoa fomu, akauliza jina.

Sijapata kumsikia mtu akijibu fomu namna ile. Jina alilitaja herufi moja moja, na kila herufi akaeleza ilitoka kwa babu yupi. Mahali pa kuzaliwa akataja mji, mtaa, kanisa, duka la mikate lililo kando ya kanisa, na mikate iliyouzwa humo kwa siku za juma. Bwana Mhuri aliandika yote. Nami nashona. Kumi. Tisa. Kwenye mkate wa Alhamisi nimebakiza saba. Akaulizwa kazi ya baba. Akaeleza banda, mbao zake, upande linakovuja. Tano. Akaulizwa kazi yake ya kwanza. Akasema paa. Akaeleza alivyopanda kulipima, siku ya upepo, futi mfukoni. Mbili.

"Ulianguka?" aliuliza Bwana Mhuri, ambaye sasa alikuwa anasikiliza kweli.

"Nilianguka," alisema Ottmar. Akageuka akanitazama mimi. "Lakini nilikuwa nimeshapima."

Mguu ukashuka. Kamba. Kikaratasi sikukisoma, macho yalikuwa kwenye mshono wa mwisho.

Nikafunga fundo. Uzi nikaukata kwa meno. Mjusi akapita juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anayetafuta kosa kwa moyo wote. Hakuteleza. Akakimbia juu ya boneti, akafika puani, akanata.

Gari likawaka.

"Sijui kuendesha," nikasema.

"Mimi pia sijawahi kuendeshwa," likasema. "Tutajifunza njiani."

Tunateremka ukuta. Tunaupita msumari wa kofia. Nyuma yetu Bwana Mhuri anaruka, puh, puh, na kila anapotua, sakafu tuliyoipita inakuwa makumbusho. Huku na huku mafundi wamesimama ndani ya kamba zao, na nadhani, siapi, nadhani macho yao yanatufuata.

Pale getini ndipo nilipoyakumbuka magoti.

Niliapa sitayasahau. Nikisimama kuyachukua, Mhuri atatufikia, na gari halitakanyaga barabara kamwe. Nisiposimama, nitatembea kama bikari mpaka kaburini, na watakaonizika watapata shida kunikunja. Tena mtu asiye na goti hakanyagi klachi, na bila klachi tulikuwa tunakwenda kwa mteremko tu. Mteremko ulikuwa unaishia getini.

"Mama Hedwig," nikasema, "magoti."

"Usisimame," akasema.

Aliweka soksi chini. Akalizungusha duara lile kwa nguvu, akanyakua jozi iliyomfikia mkononi, akaitupa dirishani. Nikaidaka mapajani, nikaivaa gari likiwa mwendoni, la kulia kwanza, kisha la kushoto. La kushoto halikungoja amri yangu. Lilikanyaga klachi mara tatu. Nilidhani ni woga. Gia ikaingia laini, kama kisu ndani ya papai.

Magurudumu yanagusa barabara.

Pande zote mbili ni mkonge, mistari na mistari, na jua liko juu yetu. Ni njia ya Pongwe, naijua, nimeipita maisha yangu yote nyuma ya malori ya watu.

"Kumbe ni ngumu," gari linasema.

"Nini?"

"Barabara. Mimi nilidhani iko kama kwenye picha."

"Unataka turudi?"

"Ongeza mwendo, mzee."

Nikaongeza. Kiti kilinishika vizuri, nyonga ya kushoto na yote. Sikuinuka.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimesimama, jua limeshaingia chumbani, na Mama Zahara, mke wangu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama. Kwa miaka minne sasa, kila asubuhi, huja akaweka chai, akanishika mikono miwili, akahesabu moja, mbili, tatu, akanivuta kutoka kitandani. Leo alinikuta dirishani. Nilikuwa nimeshatandika na kitanda.

Akaniuliza nani aliyeniinua. Nikasema sikumbuki kuinuliwa. Akaniambia nichuchumae. Nikachuchumaa, nikasimama, na hakuna kilicholia kama bawaba. Hapo akaweka chai chini, akaja karibu, akakipandisha kikoi changu kwa ncha za vidole, kama anayefunua chungu cha mtu mwingine.

Kwenye goti la kushoto palikuwa na kovu kama mwezi mchanga. La zamani, lililopona siku nyingi. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuanguka kutoka juu ya banda lolote.

"Baba Zahara," akasema, "hilo goti la nani?"

Nikamwambia ni habari ndefu, ngoja nikae kwanza. Nikavuta kiti, nikakaa. Goti la kushoto likashuka lenyewe, likakanyaga sakafu mara tatu, likangoja gia.